Sura ya Sita: Kichwa Kilichopigwa

Gikomba kuna Yesu wa kila namna. Yuko wa Moyo Mtakatifu, kidole kimeelekezwa kifuani. Yuko Mchungaji Mwema na mwanakondoo begani. Yuko wa Huruma ya Mungu, miale miwili ikimtoka, mmoja mwekundu na mwingine mweupe. Na kwa kuwa Majengo ya Pumwani iko pale pale jirani, na Majengo ni mtaa wa Waislamu tangu enzi za ukoloni, ukuta huohuo wa mbao una Ayatul Kursi za herufi za dhahabu na picha za Kaaba. Muuzaji ni mmoja, na hapunguzi bei kwa sababu ya dini.

Ninayemfuata mimi katika sura hii ni Yesu wa taji la miiba: kichwa na mabega tu, damu ikichuruzika kwenye paji la uso, macho yamevimba kwa kulia. Kwaresima ikikaribia husogezwa mbele ya kibanda, Mchungaji Mwema akarudi nyuma kungoja Pasaka.

Siku moja nikiwa hapo, mama wa makamo alikuja na picha yake amefunga ndani ya leso. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Karatasi yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na upande wa chini kulikuwa na doa jeusi la moshi wa mshumaa, mahali palepale mshumaa ulipokuwa ukiwekwa miaka nenda miaka rudi.

“Mathe, hii karatasi imekwisha,” fundi akamwambia. “Chukua hii mpya. Hii ni kamera kabisa.”

“Sikuja kununua, kijana wangu. Nimefuata kioo. Huyu tumetoka naye mbali.”

Fundi hakubishana. Alitoa futi, akapima, akakata kioo kwa mkato mmoja, akang'oa vijimisumari vya nyuma kwa koleo. Hadibodi ilipofunguka, nyuma yake palikuwa na maandishi ya biro: majina matano na tarehe za ubatizo, kila jina kwa wino wake. Akasoma, akatabasamu, akairudisha ilivyokuwa bila kugusa maandishi. Mama akalipa, akafunga leso yake, akashika njia ya Quarry Road katikati ya mikokoteni na marobota.

Msomaji asiyejua lugha ya Gikomba aelewe kwamba kamera ni mtumba wa kwanza kuchaguliwa robota likikatwa kamba, nguo ambayo bado ina hadhi ya dukani. Mwisho wa siku hubaki fagia, mabaki yanayomwagwa chini kwa bei ya kutupa. Maneno hayo mawili tutayahitaji, kwa sababu uso ule wa kwenye leso una ukoo, na ukoo wake ulianza kwenye soko la nguo.

Katika mji wa Leuven, Ubelgiji ya leo, aliishi mchoraji aliyeitwa Dieric Bouts. Alifariki mwaka 1475. Karakana yake, na baadaye ile ya mwanawe Albrecht, ilitoa Yesu wa taji la miiba mmoja baada ya mwingine, kwa miaka mingi. Nyingi zimesalia: iko moja National Gallery ya London, iko nyingine Louvre. Mara nyingi zilikuwa mbao mbili ndogo zilizounganishwa kwa bawaba. Upande mmoja ni Yesu, macho mekundu, miiba imezama kwenye ngozi. Upande wa pili ni mama yake, mikono imekutana kwa sala, machozi yakimtoka. Nyuma yao mara nyingi ni dhahabu tupu.

Tazama alichokiacha mchoraji. Hakuna Pilato. Hakuna askari wala umati unaopiga kelele asulubiwe. Hakuna ua wa ikulu wala nguzo ya mijeledi. Hadithi yote imekatwa, umebaki uso. Marko anasimulia katika sura ya 15 kwamba askari walimvika taji la miiba, wakampiga kichwani kwa mwanzi, wakamtemea mate, wakapiga magoti kwa dhihaka. Kwa Bouts askari hao hawaonekani, na anayeachiwa nafasi yao ni yule aliyesimama mbele ya ubao. Kila apigaye magoti hapo ana la kujiuliza: napiga magoti kama mwanafunzi, au kama wale askari?

Hilo halikuwa jambo la bahati. Katika nchi za Ubelgiji na Uholanzi za leo, kuanzia Deventer ambako Geert Grote alihubiri hadi kifo chake mwaka 1384, ulikuwa umeenea uchaji wa watu wa kawaida. Walisali nyumbani. Walisoma polepole, walirudia mstari mmoja mpaka uwaingie, walijizoeza kuyaona mateso ya Kristo kana kwamba yanatendeka chumbani mwao. Thomas à Kempis, mtawa aliyefariki mwaka 1471 na ambaye kitabu chake juu ya kumfuata Kristo kimesomwa duniani kote, alitoka katika mkondo huohuo. Picha ndogo ilikuwa chombo cha zoezi hilo. Iliwekwa karibu na kitanda au juu ya meza, ikatazamwa kwa urefu wa mkono. Mkatoliki wa Shauri Moyo anayesali rozari siku ya Ijumaa na kufika kwenye tendo la tatu la uchungu, Yesu anatiwa taji la miiba, anafanya zoezi lilelile. Pengine hajawahi kusikia habari za Leuven, na hana haja.

Basi chombo hicho kilifanywa vipi hata kikaweza kumliza mtu? Ubao ulikuwa wa mwaloni, mara nyingi mwaloni uliokuja kwa meli kutoka pwani za Baltiki. Seremala aliuranda, ukapakwa chokaa na gundi tabaka juu ya tabaka, ukasuguliwa hadi ukawa mweupe na laini. Juu ya weupe huo mchoraji alipaka rangi iliyosagwa ndani ya mafuta ya kitani. Mafuta hayakauki haraka, na yakikauka huacha rangi ikiwa wazi. Kwa hiyo mwanga hupenya tabaka za rangi, hufika kwenye weupe wa chini, hurudi kwa mtazamaji. Ndiyo maana nyuso hizo huonekana kana kwamba zina damu ndani yake na wala hazikuchorwa juu ya kitu.

Chozi la Bouts ukilikaribia utashangaa jinsi lilivyo dogo. Hakuna rangi ya maji pale. Kuna ukingo mwembamba wa kivuli upande mmoja, nukta moja nyeupe upande wa pili, na katikati ni ngozi ileile ya shavu, haikuguswa. Macho yako ndiyo yanayojaza maji.

Na damu? Hapa ndipo Gikomba inaponijia. Wataalamu wa maabara ya National Gallery wamechunguza nyekundu angavu za wachoraji wa karne ya 15, wakakuta kwamba sehemu kubwa yake haikuanzia kwenye duka la rangi. Ilitoka kwenye nguo. Mafundi wa nguo wa Ulaya walitia sufu rangi kwa wadudu wa bei kali na kwa mizizi, kisha wakaipunguza manyoya kwa makasi makubwa hadi kitambaa kikawa laini. Manyoya na vipande vilivyoanguka sakafuni havikutupwa. Vilichemshwa katika maji makali ya majivu hadi vikaachia rangi, ile rangi ikagandishwa kwa shabu, ikakaushwa, ikauzwa kwa wachoraji. Flanders, sehemu hiyohiyo ya Ubelgiji ya leo, ilikuwa nchi ya nguo kabla haijawa nchi ya picha. Damu inayoshuka kwenye paji la Kristo ilichemshwa kutoka kwa fagia ya sokoni.

Wanahistoria wa sanaa hupenda kuanza na matajiri: kansela fulani, mfanyabiashara fulani wa Kiitaliano aliyeishi Bruges, aliyeagiza mchoraji mkubwa amchore akiwa amepiga magoti mbele ya Bikira Maria. Watu hao walikuwepo. Lakini picha nyingi, hasa kuanzia katikati ya karne ya 15, zilifanywa kabla mnunuzi hajajulikana, zikapelekwa sokoni kama viatu. Antwerp, kanisa la Bikira Maria lilijenga mwaka 1460 ua wenye vibanda vya kukodi, ukaitwa Pand, na humo wakati wa maonyesho ya biashara ya mwaka ziliuzwa picha, sanamu na vitabu. Kanisa lilikusanya kodi ya vibanda. Sanamu za altare zilizochongwa Antwerp zilipigwa chapa ya mkono, ishara ya mji, ili mnunuzi ajue mbao ni safi na kazi imekaguliwa.

Uchoraji nao ulikuwa na njia zake za mkato. Mchoro uliopendwa ulitobolewa matundu madogo kwenye karatasi, ukawekwa juu ya ubao mpya, ukapigwa kifuko cha vumbi la makaa, na mistari ikatokea. Ndivyo Yesu wa Leuven alivyozaa wenzake. Wala hakuna aliyeona aibu. Kanisa kuu la Cambrai lilikuwa na picha ya Bikira Maria na Mtoto iliyoaminiwa kuwa ya mkono wa Mtakatifu Luka mwenyewe. Leo tunajua ilichorwa Italia katika karne ya 14. Mahujaji walimiminika. Mwaka 1454 Petrus Christus wa Bruges aliagizwa nakala 3 za picha hiyo, na mchoraji mwingine, Hayne wa Brussels, akapewa kazi ya nakala 12. Aliyepata nakala hakujiona amepunjwa. Alipata uso uleule wa kusali mbele yake, na hilo ndilo alilolifuata.

Nasema haya kwa sababu nimewasikia watu wa makanisa yenye uwezo, na wengine ni mapadre, wakiicheka picha ya Gikomba: karatasi ya kuchapwa, rangi za kuwaka, fremu ya plastiki iliyopakwa dhahabu. Wanadhani sanaa takatifu ilizaliwa ikiwa na heshima ya jumba la makumbusho. Ilizaliwa kibandani, ikapigiwa bei. Ubaya wa karatasi ya Gikomba upo, nami nitausema, lakini haumo katika kuuzwa sokoni.

Waliozibeba picha hizo mbali zaidi walikuwa Wareno. Walikuwa na kituo chao cha biashara Bruges, baadaye Antwerp, na walilipa kwa bidhaa za makoloni. Katika kisiwa cha Madeira, kulikolimwa miwa kwa jasho la watumwa, mashamba yalilipia picha za Flanders kwa sukari. Jumba la sanaa takatifu la Funchal limejaa picha hizo hadi leo. Na meli za Wareno haohao ndizo zilizofika kwetu.

Vasco da Gama alitia nanga Mombasa Aprili 1498. Shajara ya safari hiyo inasema watu wake wawili walitembezwa mjini, na kwenye nyumba ya wafanyabiashara wawili walioonekana kwao kuwa Wakristo walionyeshwa karatasi yenye mchoro ambao Wareno waliuchukua kuwa Roho Mtakatifu. Kutoka hapo walikwenda Malindi, wakafika mkesha wa Pasaka. Bandarini walikuta meli za Wahindi. Wahindi hao walipopanda meli ya Paulo da Gama, nduguye Vasco, walionyeshwa picha ya altare: Bikira Maria chini ya msalaba, mwanawe aliyekufa mikononi mwake, mitume wamewazunguka. Walilala kifudifudi. Na kwa muda wote meli zilipokuwa Malindi, walirudi kusali mbele ya picha hiyo, wakileta karafuu na pilipili na vitu vingine kama sadaka.

Wareno walifurahi wakidhani wamewapata ndugu katika imani. Wasomi wa baadaye wanakubaliana kwamba watu wale walikuwa Wahindu. Mimi sioni kama hilo linaiharibu hadithi. Waliona mama ameshika maiti ya mwanawe, na walijua la kufanya. Sitadai kwamba ubao ule ulitoka Flanders, ingawa Ureno ya wakati ule ilikuwa ikinunua kazi za Flanders kwa wingi na wachoraji wake wakifuata mtindo huo. Ninachodai ni kwamba hapo Malindi, pwani ya Kenya ya leo, picha ya aina hii ilifanya kazi iliyotengenezewa mbele ya watu ambao haikutengenezewa, na ushahidi umeandikwa.

Safari ndefu kuliko hiyo ilifanywa na picha moja ndogo ya Yesu wa taji la miiba. Ilichorwa karibu mwaka 1520, ama na Mflanders, ama na Mreno aliyefunzwa kwa mtindo wa Flanders. Wataalamu bado wanavutana. Ilifika Ethiopia. Mwaka huohuo wa 1520 ujumbe wa Ureno ukiongozwa na Rodrigo de Lima uliingia kwa mfalme Lebna Dengel, na katika msafara alikuwamo padre Francisco Álvares, aliyeandika yote aliyoyaona, pamoja na mchoraji, Lázaro de Andrade. Huenda picha ilikuja na watu hao au na waliowafuata. Waethiopia wenyewe walikuwa na jibu lingine: ilichorwa na Mtakatifu Luka. Jibu lilelile la Cambrai, na kwa sababu ileile. Picha inayowagusa watu kiasi hicho lazima mchoraji wake awe alimwona Yesu kwa macho.

Waliiita Kwer'ata Re'esu, kupigwa kwa kichwa chake. Kufikia karne ya 17 maandishi ya wafalme wa Ethiopia waliokaa Gondar tayari yanaitaja. Hapo kazi yake ilikuwa imebadilika. Leuven, picha kama hiyo ilikuwa ya mtu mmoja chumbani. Gondar ikawa ya ufalme mzima. Wakuu waliapa utii mbele yake. Jeshi lilipokwenda vitani, ilikwenda nalo. Mwaka 1744 mfalme Iyasu wa Pili alishindwa vitani na Wafunj wa Sennar, Sudan ya leo, na picha ikatekwa pamoja na mateka mengine. Waethiopia waliikomboa kwa dhahabu nyingi, na msafiri Mskoti James Bruce, aliyeishi Gondar miaka ya 1770, alikuta habari za furaha ya kurudi kwake bado zinasimuliwa.

Hebu fikiria kidogo. Mfalme anayetaka kutisha maadui angebeba simba, au malaika mkuu Mikaeli na upanga. Hawa walibeba mtu aliyefungwa, anayetemewa mate. Kiapo kilichoapwa mbele ya uso huo kilikuwa kizito kwa sababu ulikuwa uso wa aliyesalitiwa. Anayevunja kiapo anajua amejiunga na nani. Mchoraji wa Flanders aliwaondoa askari ili mtazamaji ajihoji. Waheshimiwa wa Gondar walisimama mahali palepale, na swali likawa la kisiasa.

Wachoraji wa Ethiopia nao hawakuiacha ilivyo. Waliinakili kwenye mbao na kuta za makanisa kwa vizazi, wakaandika kando yake kwa Kige'ez kwamba ndivyo walivyompiga kichwani. Macho yalikua makubwa, ngozi ikawa ya watu wao, mistari ikawa mizito. Mara nyingine askari waliofukuzwa na mchoraji wa kwanza walirudi na fimbo zao, mmoja kila upande. Ukiweka nakala hizo pamoja unaona uso wa Ulaya ukizoea nyumba mpya polepole mpaka ukawa mwenyeji.

Hili ndilo ambalo Gikomba haijafanya, na ndio ubaya niliosema nitautaja. Karatasi zetu zina Yesu wa nywele za dhahabu, na mwaka baada ya mwaka mtambo unachapa huyohuyo. Si kwamba Kenya haina njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea uchoraji Makerere, alichora maisha ya Kristo kwenye kuta za kanisa la Murang'a lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kristo wake anazaliwa na kufa kwenye matuta ya Murang'a, kati ya watu wa Murang'a. Wapo waliomwona Njau kuwa mwanamapinduzi. Kusema kweli alifuata desturi kongwe. Yerusalemu ya wachoraji wa Flanders ina minara ya kwao, na Bikira Maria wao huketi karibu na dirisha lenye vioo vya kwao. Kila aliyefanya kazi hii vizuri alimleta Yesu nyumbani. Anayenakili nywele za dhahabu amechukua uso wa Leuven, somo la Leuven ameliacha.

Wapo pia wasiotaka uso wowote. Jumapili, hatua chache kutoka vibanda vya picha, utamsikia mhubiri na kipaza sauti chake akiikumbusha Gikomba amri ya Kutoka sura ya 20 juu ya sanamu. Hoja yake ina umri. Agosti 1566 watu wenye hoja hiyohiyo waliingia kanisa kuu la Antwerp, lilelile lililokuwa likikusanya kodi ya vibanda, wakavunja picha na sanamu usiku kucha. Gikomba angalau mhubiri na muuza picha husalimiana.

Turudi Ethiopia, kwa sababu huko kumebaki deni.

Mwaka 1868 Uingereza ilituma jeshi chini ya Robert Napier kumkomboa balozi wake mdogo na Wazungu wengine waliofungwa na mfalme Tewodros wa Pili katika ngome ya mlima wa Magdala. Tarehe 13 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, ngome ilipoanguka, Tewodros alijiua kwa bastola. Askari walipora kila kitu: mataji, vitabu, misalaba, nguo za kanisa. Nyara zilihitaji tembo 15 na karibu nyumbu 200 kuzishusha, zikauzwa kwa mnada. Pamoja na jeshi alikuwapo mtu wa British Museum, Richard Holmes, aliyepewa fedha za kununua vitu vya kale. Holmes alichora uso wa Tewodros akiwa maiti. Kisha akachukua picha iliyokuwa ikining'inia juu ya kitanda cha mfalme. Ilikuwa Kwer'ata Re'esu. Vitu vingine alivipeleka jumba la makumbusho. Hiki alikwenda nacho nyumbani.

Mwaka 1872 mfalme mpya, Yohannes wa Nne, alimwandikia Malkia Victoria akiomba vitu viwili tu kati ya maelfu: kitabu cha Kebra Nagast na picha ya Kwer'ata Re'esu. Kitabu kilirudishwa, kwa kuwa British Museum ilikuwa na nakala mbili. Kuhusu picha, jibu lilikuwa kwamba haijulikani ilipo. Na barua hiyo ilipofika Uingereza, Holmes alikuwa tayari mkutubi wa Malkia katika kasri la Windsor, tangu mwaka 1870. Aliyekuwa nayo alifanya kazi chini ya paa la aliyeombwa. Akanyamaza. Mwaka 1905 ndipo picha ilipochapishwa katika Burlington Magazine, Yohannes akiwa amekufa miaka 16 kabla. Holmes akafariki mwaka 1911, na mwaka 1917 picha ikauzwa kwa mnada wa Christie's mjini London. Mwaka 1950 ilinunuliwa na mwanahistoria wa sanaa Mreno, Luiz Reis Santos, ikavuka kwenda Ureno. Dunia ikaisahau tena hadi mwaka 1998, mwandishi Martin Bailey alipofuatilia nyayo zake na kuandika kwamba iko huko, mikononi mwa watu binafsi. Haionyeshwi.

Hasira yangu hapa si ya wizi peke yake. Kwa wizi mtu huzoea. British Museum ina tabot 11 za Ethiopia, mbao takatifu za altare, nyingi zikiwa nyara za Magdala, na haizionyeshi kwa mtu yeyote. Hata wafanyakazi wake hawaruhusiwi kuzitazama, ila makasisi wa Kanisa la Ethiopia tu. Kuzizuia ni dhuluma, lakini kuzificha ni kufuata sheria ya tabot yenyewe, ambayo kwao pia hufunikwa. Picha ina sheria tofauti. Ilitengenezwa itazamwe, kwa karibu, na mtu mwenye jambo moyoni. Kuifungia ni kuisimamisha kazi. Karatasi ya mama wa Gikomba, yenye doa la moshi na majina ya wanawe mgongoni, inafanya kila jioni kazi ambayo ubao huo, wenye thamani isiyokadirika, haujaifanya tangu mwaka 1868.

Ikirudi, mabishano yatakuwa mahali pa kuiweka. Addis Ababa itataka iwekwe makumbusho, nyuma ya kioo kisichopitisha risasi, kwenye chumba chenye hewa ya kupimwa. Mimi ningeipeleka Gondar, kanisani, waumini waisogelee na mishumaa. Wahifadhi wa sanaa watasema moshi na midomo ya watu vitaiharibu, na watakuwa wamesema kweli. Lakini ubao huo ulifukizwa ubani kwa karibu miaka 200 inayojulikana katika maandishi, ukabebwa vitani, ukatekwa Sennar, ukakombolewa, ukapandishwa Magdala, na bado Holmes aliukuta umetundikwa juu ya kitanda, uso umeelekea chumbani.